Nyama ina muhuri, mchunaji hana: watu wa Dodoma tulizungumze hili

Kisu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mnadani Msalato na jamaa zangu wawili, tumekaa kwenye benchi tunasubiri mbuzi aive. Ubishi ukazuka. Mmoja anasema yeye nyama hali mpaka aone muhuri wa mkaguzi. Mwingine anasema muhuri ni wino tu, hata yeye akipewa kile kidude anagonga. Wakanigeukia mimi kwa sababu wanajua nilikotoka: nilichuna ng'ombe miaka minne kwenye machinjio fulani ya mkoa huu (siyataji, bado nina ndugu pale) kabla sijafungua kibanda cha spea za bodaboda. Nikawajibu kwa kifupi, nyama ikaja, tukala. Lakini lile swali lilinikereketa njia nzima hadi Nkuhungu.

Kila nyama inapozungumzwa nchi hii, anayezungumziwa ni mlaji. Mlaji asiuziwe kibudu. Mlaji asile tegu. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe mlaji tena wa kutupwa. Ila kuna mtu alishika ile nyama kabla ya mkaguzi, kabla ya bucha, kabla ya jiko lako, na huyo sijawahi kumsikia akitajwa popote.

Ngoja niwapeleke ndani. Kazi inaanza saa nane usiku ili kukipambazuka bucha ziwe na mzigo. Taa zipo, ila mbili kati ya hizo zinawaka zinapojisikia. Sakafu ni damu, maji na samadi. Mimi nilijinunulia gambuti mwezi wa pili, wenzangu wengine walivaa kandambili. Aproni tulikuwa nazo tatu kwa watu kumi na kitu, anayewahi ndiye anayevaa. Malipo ni kwa kichwa: wakati wangu elfu 6 kwa ng'ombe mmoja, mnagawana watatu. Ukijikata unafunga kitambaa unaendelea, maana ukikaa pembeni aliyeshika kisu chako ndiye atakayelipwa.

Usiku mmoja tulipasua jike lenye mimba kubwa, hakuna aliyejua. Kisu kilifika pabaya, yale maji yote yakanirukia usoni, mdomoni, machoni. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajifuta kwa mkono uleule wenye damu, nikaendelea.

Sasa kinachonifanya niandike. Mdogo wangu yuko palepale mpaka leo. Tangu mwaka uanze ana homa ya kuja na kuondoka. Usiku anatoka jasho analowesha shuka, asubuhi mzima, anaenda kazini. Mgongo unamuuma kama mzee. Kaambiwa malaria, kala dawa. Kaambiwa taifodi, kachoma sindano. Kaambiwa tena taifodi. Zahanati tatu tofauti, hakuna hata moja iliyomuuliza anafanya kazi gani.

Na cheti cha afya anacho! Kila miezi 6 tulikuwa tunapimwa kama wanavyopimwa wapishi na wahudumu wa hoteli. Wanaangalia kama mimi ni hatari kwa nyama. Kwamba nyama inaweza kuwa hatari kwangu, hilo halikuwa swali la mtu yeyote.

La mwisho, na hili ndilo nililowaambia wale jamaa pale Msalato. Mkaguzi wa kwanza siyo bwana mifugo. Mkaguzi wa kwanza ni mchunaji. Bwana mifugo anakuja ng'ombe keshaning'inizwa na keshafunguliwa. Mimi ndiye niliyeona jipu, mimi ndiye niliyeona pafu limegandana na mbavu. Nikiamua kulibandua kwa ncha ya kisu na kulitupa kwenye ndoo ya uchafu, yeye ataona nyama nyekundu safi. Na kwa nini nisibandue? Ng'ombe akitupwa, mwenye ng'ombe ananiambia "sijapata nyama, na wewe hupati hela". Sijisifu, nasema nilichokifanya zaidi ya mara moja.

Naomba kuwasilisha. Wenye kujua zaidi waje, hasa kuhusu dogo.


Mpenda Kongoro

Nilikuwa nakunywa supu huku nasoma. Nimeisukuma pembeni. (Dakika tano baadaye nimeirudia, elfu 3 yangu siiachi.)


Bwana Mifugo Mstaafu

Kisu Butu mwanangu, umesema kweli na umesema vibaya. Kweli kwa sababu ndivyo kulivyo. Vibaya kwa sababu hizo ndoo za uchafu nilikuwa nazipekua mimi, na vijana wa aina yako walikuwa wananitoa jasho.

Nilisomea Mpwapwa, nimegonga muhuri zaidi ya miaka 25 kwenye halmashauri mbalimbali za kanda hii. Niwaeleze kinachotakiwa kufanyika ili mjue pale pengo lilipo.

Ukaguzi unaanza ng'ombe akiwa hai. Anatakiwa afike mapema, apumzike, anywe maji, aangaliwe akisimama na akitembea. Ng'ombe aliyeshushwa kwenye lori ametoka Manyoni amesimama siku nzima, ukimchinja papo hapo nyama inakuwa nyeusi, kavu, na haikai. Hapo ndipo unapomtenga mwenye homa, anayechechemea, na jike lenye mimba. Lile jike lililokumwagikia lilipita mlango ambao mtu alitakiwa kusimama na hakusimama. Na hapo ndipo unapozuia kimeta. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma, huyo haguswi kisu kabisa. Ukimpasua, vijidudu vikipata hewa vinajivika ganda na kukaa udongoni miaka na miaka. Anazikwa shimo refu mzima mzima, basi.

Akishachinjwa, tunaanza kichwani. Tezi za chini ya taya na za koo zinachanjwa. Misuli ya taya inachanjwa, tunatafuta vifuko vya tegu, vinafanana na punje ya mchele iliyovimba. Ulimi unapapaswa. Mapafu pamoja na tezi zake, hapo kifua kikuu hujionyesha kama jibini lenye mchanga ndani. Moyo unafunguliwa. Ini linachanjwa kwenye mifereji ya nyongo kutafuta minyoo bapa, na hili ndilo tunalotupa kuliko kitu chochote. Bandama ikiwa imevimba, nyeusi, laini kama matope, simamisha kila kitu. Kisha figo, kisha mwili wote.

Sasa sikilizeni vizuri. Yote hayo ni ya macho, mikono na kisu. Kuna ugonjwa ambao jicho haliuoni, na mkubwa wao ni bruselosisi, ile wafugaji wanaita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe mwenye bruselosisi anaweza kupita mbele yangu ananawiri, nyama safi, nikagonga muhuri, na sitakuwa nimekosea kwa mlaji: vijidudu vingi vimekaa kwenye mfuko wa uzazi, kwenye kiwele, kwenye tezi na damu. Kwenye mnofu ni vichache, na moto unavimaliza. Wewe mlaji umepona. Aliyepasua ule mfuko wa uzazi yakamrukia machoni, hajapona. Muhuri wangu haukumhusu.

Kwa hiyo huyo mdogo wako mpeleke hospitali kubwa leo, siyo kesho, na mwambie aanze kwa kusema "mimi nachinja ng'ombe". Homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, mgongo na viungo, wakati mwingine korodani kuvimba: aombe kipimo cha bruselosisi. Ikithibitika, dawa ni za aina mbili kwa pamoja na zinakwenda wiki 6. Akiacha wiki ya pili kwa sababu amejisikia nafuu, utairudia safari hii. Na asijinunulie dawa dukani kwa kusoma maneno yangu, mimi ni daktari wa wenye pembe.


Bucha la Kona

Shikamoo mzee. Kisu Butu, wewe sikupi shikamoo.

Mnaongea upande mmoja. Mimi ndiye "mwenye ng'ombe" anayesemwa hapa. Nanunua dume mnadani zaidi ya milioni moja, nalipia kibali cha kusafirisha, nalipia ushuru, nalipia kuchinja, nalipia gari la nyama. Ini likitupwa ni langu. Mapafu yakitupwa ni yangu. Ng'ombe mzima akitupwa, na imenitokea mara moja, naondoka na ngozi na machozi. Hakuna anayenishika bega. Halafu mtaani kuna mtu kachinja chini ya mti saa kumi alfajiri, hajalipa hata mia, nyama yake kwenye beseni nyuma ya pikipiki, na anauza chini yangu kwa elfu moja kila kilo. Wateja wenyewe ndio nyinyi mnaolalamika humu.

Tunaambiwa tuache gogo na shoka tununue mashine ya kukatia. Nakubali gogo ni chafu, lile lina nyufa, damu ya wiki iliyopita imo, huwezi kulisugua likatakata. Nimenunua mashine kwa mkopo. Umeme ukikatika Jumapili asubuhi wateja foleni, unadhani nafanya nini?

Kuhusu kumlipa mchunaji kwa ng'ombe aliyetupwa, kwa kweli sikuwahi kulifikiria hivyo alivyolisema. Ile elfu 6 ukilinganisha na hasara ya milioni ni kitu kidogo. Ila ukimlipa kila mara, kesho wataleta ng'ombe wagonjwa kwa makusudi? Sijui. Nawaza tu kwa sauti.


Kisu Butu

Bucha la Kona kaka, mchunaji haleti ng'ombe, analetewa. Anayenunua mgonjwa kwa bei ya kutupa pale mnadani tunamjua sote ni nani.

Mzee wangu, shikamoo haikuwa yangu ila naipokea kwa niaba yako, hahaha. Asante sana. Dogo nimempigia, anasema kesho ana zamu. Nimemwambia zamu haitaenda kokote.


Mama Utumbo Majengo

Mnaongelea wanaume wa ndani ya ukuta. Sisi wa nje je?

Mimi nasafisha utumbo na kichwa. Tuko wanawake kama ishirini, tunakaa nyuma kule maji machafu yanakotokea. Hatuna namba, hatuna cheti, hakuna anayetuhesabu hata kwenye hiyo miezi sita yenu. Mkono wangu wa kulia una vidonda havikauki mvua wala jua kwa sababu ya maji, na kucha zimekufa mbili. Glovu nilinunua zile nyepesi za hospitali, utumbo wenyewe unateleza, ukivaa zile unafanya kazi mara mbili. Kuna mwenzetu mimba zilimtoka mbili, zikifuatana. Tulisema ni mambo ya watu. Nimesoma hapo juu "ugonjwa wa kutupa mimba" nikaweka simu chini kwanza.

Mzee, huo ugonjwa unatoa na mimba za binadamu?


Bwana Mifugo Mstaafu

Mama, ndiyo, unaweza. Siyo kila mimba inayotoka ni huo, zipo sababu nyingi, lakini kwa kazi yake huyo dada ana haki ya kupimwa, tena kabla hajashika mimba nyingine. Na wewe hivyo vidonda ni milango iliyo wazi. Tafuteni glovu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, zile wanazotumia wasafisha vyoo, mziloweshe kwa sabuni na kuzianika. Za hospitali zinachanika kwenye mfupa wa kwanza.


Mwana wa Bahi

Mbukwenyi wakuu!

Hamjataja mwaka tuliosahau kwa haraka sana. Mwishoni mwa 2006 mvua zilikuja za ajabu, mbuga zikajaa maji, mbu wakawa kama moshi. Ng'ombe wakaanza kutupa mimba zizi zima, ndama na wana-mbuzi wanakufa. Kisha watu. Homa ya Bonde la Ufa ilianzia kaskazini Januari 2007, ikashuka, na Dodoma ikawa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Ilipofika Juni 2007 hesabu ya nchi nzima ilikuwa washukiwa 511, waliothibitishwa maabara 186, na waliokufa 144.

Nilikuwa darasa la sita. Nyumbani kwetu hatukula nyama miezi, ni mlenda na maziwa nayo yamechemshwa mpaka yanaungua. Bucha za mjini zilikuwa tupu, kuku akapanda bei akawa anaringa barabarani. Mjomba wangu alikuwa ndiye anayeitwa kijijini pakiwa na ng'ombe wa kuchinja au wa kuokoa. Ng'ombe "wa kuokoa" mnamjua, yule anayekaribia kufa ndipo mtu anamkimbilia na kisu ili asiwe nyamafu. Mjomba alikwenda hospitali akitokwa damu ufizini. Hakurudi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mwaka ule kila mtu aliogopa kula. Kumbe kirusi kile nyama ikishaning'inia saa kadhaa inachachuka yenyewe ndani kwa ndani na kirusi kinakufa, na sufuria inamalizia kilichobaki. Hatari ilikuwa kwenye damu mbichi, kwenye kuchinja, kwenye kumzalisha ng'ombe, na kwenye mbu. Sisi tuliokataa nyama tulijilinda na sahani. Mjomba alishika ng'ombe.


Ngosha wa Area C

Poleni sana. Lakini hii ni Afrika bwana. Wenzetu Marekani huwezi kuona upuuzi kama huu, kila kiwanda kina mkaguzi wa serikali.


Kalamu Kavu

Ngosha, la mkaguzi uko sahihi. Sheria yao ya ukaguzi wa nyama ilisainiwa na Rais Theodore Roosevelt tarehe 30 Juni 1906, baada ya watu kusikia uchafu uliokuwa kwenye viwanda vya nyama vya Chicago. Mkaguzi akawa mtu wa serikali, hayumo kwenye daftari la mshahara la mwenye kiwanda. Hilo ni jambo zuri na sisi tungeliiga vizuri zaidi.

Lakini angalia nini kilitokea. Waliopiga kelele mwanzo walikuwa wanalia na hali ya wafanyakazi, wale wanaokatwa vidole na kupumua uozo. Wananchi wakasikia habari ya soseji yao. Ikapatikana sheria ya soseji. Sheria ya nchi nzima ya usalama wa mfanyakazi kazini wao waliipata 1970. Hesabu mwenyewe, ni miaka 64. Na Aprili 2020, korona imepamba moto na wakata nyama wanaugua viwanda kwa viwanda, rais wao alisaini amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Nyama isikosekane mezani. Kwa hiyo siyo Afrika peke yake, ni tumbo la mwanadamu.

Sisi angalau zote mbili ziko kwenye vitabu mwaka mmoja: Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ni ya 2003 na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003. Hatukumtanguliza ng'ombe wala mtu. Kwenye makaratasi.


Ngosha wa Area C

Sawa mkuu, nimekaa chini.


Mtetezi wa Kibarua

Nafanya kazi zinazohusiana na migogoro ya ajira, naomba niongezee kwa sababu uzi huu una kitu watu wengi hawakijui.

Wenye machinjio na wenye ng'ombe wanapenda kusema "huyu siyo mfanyakazi wangu, ni kibarua, analipwa kwa kichwa". Wanadhani neno kibarua ni kinga. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, au maisha yake yanategemea kazi hiyo, au anapewa vifaa vya kazi, na mengine. Jambo moja tu linatosha. Mpaka mwenye kazi athibitishe kinyume chake. Sasa mtu anayeambiwa njoo saa nane usiku, chuna hivi, ukichelewa nafasi imekwenda, tena kila siku kwa miaka minne, huyo ni kibarua wa wapi?

Akishakuwa mwajiriwa, milango inafunguka. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri na havitozwi hela. Kuna uchunguzi wa afya kabla ya kuanza kazi, wakati wa kazi, na wakati wa kuacha, na huo ni wa kuangalia kazi imemfanya nini mtu. Ni kitu tofauti kabisa na kile cheti cha miezi sita alichosema Kisu Butu. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sheria yake ni Na. 20 ya 2008, ulianza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, nusu ya asilimia moja ya mishahara, mfanyakazi hakatwi hata senti. Unahusu ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Ila taarifa itolewe ndani ya miezi 12.

Kisu Butu, karatasi za hospitali za mdogo wako zitunze zote, na hizo za "taifodi" pia.


Bucha la Kona

Nusu asilimia ya elfu 6? Hiyo ni shilingi 30.


Mtetezi wa Kibarua

Ndiyo. Thelathini.


Bucha la Kona

Hata peremende haipatikani.

Lakini nani ni mwajiri hapo? Mimi nina ng'ombe mmoja leo, kesho sina. Yeye anachuna wa watu saba kwa usiku. Mwenye jengo anasema yeye kakodisha sakafu. Nikilipa mimi, wale sita je?


Mtetezi wa Kibarua

Hapo umeuliza swali la maana kuliko yote humu ndani. Mimi ningeanza na anayesimamia jengo. Ndiye anayefungua geti, ndiye anayeamua nani ashike kisu, na ada anakusanya tayari kwa kila kichwa. Akitenga kidogo kwenye ada hiyo, wachunaji wakaandikwa kwenye daftari moja kama kikundi chenye mkataba na machinjio, hata yule wa ng'ombe aliyetupwa analipwa humo humo. Hapo hoja ya pafu kubanduliwa inakufa, kwa sababu hana tena cha kupoteza akisema.


Bwana Mifugo Mstaafu

Nakubaliana, na niongeze neno la mtu aliyesimama pale. Mlango wa machinjio una mabwana wengi. Wizara ya Mifugo, Bodi ya Nyama kwa sheria ya 2006, halmashauri inayomlipa mkaguzi na hiyohiyo inakusanya ushuru, shirika la viwango tangu 2019 usimamizi wa chakula ulipohamishiwa huko, na wakala wa usalama kazini. Kila mmoja ana daftari lake. Mkaguzi mmoja aliyeajiriwa na halmashauri, akifunga machinjio kwa sababu maji hayatoki, kesho anaulizwa mapato yako wapi. Nimeulizwa.

Na mji umekua. Sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa 410,956. Ya 2022 tukawa 765,179. Wizara zimehamia, wabunge, wanafunzi, wote wanataka mchemsho. Ng'ombe wanaongezeka kwa usiku, saa za usiku haziongezeki. Ukimpa mtu mmoja ng'ombe arobaini kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, kwa taa anazozisema Kisu Butu, jibini la kifua kikuu ataliona saa ngapi? Kuna usiku nilikagua kwa tochi ya simu, mate yameishia kinywani kwa kuishika na meno.

Mkitaka kitu kimoja cha kuanza nacho kesho, wekeni taa na maji ya moto ya kuloweka visu. Kisu kilichopasua jipu kisiingie kwenye paja. Hapo mlaji na mchunaji wanasaidiwa na birika moja.


Mpenda Kongoro

Mzee, na zile sindano? Nasikia ng'ombe anachomwa leo anachinjwa kesho.


Bwana Mifugo Mstaafu

Lipo. Lebo nyingi za ile dawa ya njano ya kukaa muda mrefu mwilini (oksitetrasaiklini, ya kuua vijidudu) zinataka siku 21 au 28 kabla ya kuchinja. Mfugaji akiona ng'ombe hajapona siku ya tatu anampeleka mnadani arudishe hela yake. Hilo nalo macho hayalioni. Lakini hiyo fungua uzi wake, hapa tutapotea.


Mama Utumbo Majengo

Tumenunua glovu jozi sita za kuanzia, tunapokezana. Zinatoa jasho kama nini, lakini kidonda kimoja kimeanza kukauka. Yule mwenzetu amesema atakwenda Jumatatu, tunamchangia nauli.


Kisu Butu

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya.

Dogo tulimburuza Alhamisi. Foleni tangu saa moja. Alipoingia, kama mzee alivyoelekeza, neno la kwanza "mimi ni mchinjaji". Yule daktari akaacha kuandika akamwangalia, akamuuliza umeanza lini. Damu ikachukuliwa. Majibu yametoka, ni bruselosisi. Kapewa dawa mbili, wiki 6, na tarehe za kurudi zimeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya kadi.

Mimi mwenyewe nimetoa damu pia, nimeona aibu kumpeleka mwenzangu halafu nikakaa kwenye benchi. Yangu inatoka Jumanne.

Msimamizi wake kaambiwa. Jibu lake: apumzike, nafasi yake kuna kijana kashaishika kwa muda. Mtetezi wa Kibarua, nakutumia ujumbe pembeni kuhusu hilo, karatasi zote ninazo kwenye bahasha.

Leo ni siku ya tisa ya dawa. Jana usiku shuka halikulowa. Asubuhi hii kaniuliza kama Jumamosi anaweza kwenda kuchuna wawili watatu tu, halafu arudi kulala.